Koti Lenye Shingo Mbili

Mmekuja tena kuniuliza koti la Kulesa liko wapi. Juzi alikuja kijana na kaka yake, jana akaja binti na shangazi yake, na leo mmekuja nyinyi, mkakaa kwenye benchi langu mkiutazama ule msumari ukutani kama watu waliokuta kisima kimefunikwa. Wote mna safari ya masomo, au mna ndoto yake, na wote mmesikia kwamba anayekwenda nchi ya baridi hupitia kwangu kwanza. Basi nitasimulia mara moja, na mliosikia muwaambie wenzenu, maana koo langu si redio.

Kwa wasionijua, mimi ni Sidi, fundi wa nguo hapa Garsen mpaka macho yaliponikatalia kuliona tundu la sindano. Watu huniita Mama Koti, na wapo watu wazima wasiojua kama nina jina jingine. Cherehani yangu bado ipo, ila siku hizi ni meza ya birika la chai.

Kijana wa juzi alinionyesha simu yake. Alisema imeandikwa humo kwamba wanafunzi wanaokwenda kusoma nje wanaongezeka mwaka hata mwaka, si wa Kenya tu, dunia nzima. Nikamuuliza wanakwenda wapi. Kule wanakokwenda baridi yake ikoje? Na waliorudi je, simu imewahesabu? Sikumdhihaki, nilitaka kujua kweli, kwa sababu swali hilo limenikaa moyoni tangu nikiwa msichana. Kwa nini miaka fulani watoto wote wanaelekea upande mmoja kama ng'ombe walionusa mvua, halafu wanageuka wote pamoja wanashika upande mwingine? Nani anafungua lango, na nani analifunga? Mimi sina tarakimu. Nilichonacho ni vitambaa. Mtu akija kuagiza nguo ya safari, kitambaa anachokishika kinakwambia aendako kabla hajakaa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shee, mtu wa Kipini, aliyehamia Garsen kwa sababu moja tu: alisema palipo na njia panda hapakosi mtu aliyechanika suruali. Alikuwa mkali wa maneno na mpole wa mkono. Ukishona vibaya hakukutukana, aliivaa ile nguo mwenyewe, akatoka nayo barabarani, watu wakacheka, akarudi akakuvulia bila kusema kitu. Neno lake kubwa lilikuwa hili: nguo haipimwi mwili, hupimwa safari. Nililisikia miaka mingi kabla sijalielewa, na siku niliyolielewa yeye alikuwa keshatangulia mbele ya haki.

Siku tulipoletewa kazi ya koti la kwanza, hakuna fundi Garsen aliyewahi kushona koti la baridi. Sisi tulikuwa watu wa sare za shule, kanzu na magauni ya harusi. Akaja mama mmoja kutoka Kulesa, mkulima, na mwanawe Elisha. Mtoto alikuwa amepata nafasi ya kusomea kilimo huko Ulaya ya mashariki, serikali ya kule ikimlipia, na barua ilimwambia aje na nguo nzito. Mama akauliza, nzito kiasi gani? Hapo ndipo kichekesho kilipoanza, kwa sababu baraza zima la Mzee Shee halikuwa na mtu anayeijua baridi. Mmoja akasema ni kama asubuhi ya Julai baada ya mvua. Mwingine akasema ni kama kutia mkono kwenye sanduku la barafu la wauza samaki. Tukabishana mpaka chai ikapoa, na huo ndio ukawa ubaridi pekee tuliouona siku hiyo.

Aliyetuokoa ni mfugaji mmoja wa Kiorma kutoka Bangale, Guyo, aliyekuwa amekuja kushonewa mkanda wa ngozi. Zamani aliwahi kuswaga ng'ombe mpaka bara, kwenye vilima vya juu, akalala huko na mifugo. Alitusikiliza muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wake, akagusa kifundo cha mkono karibu na kiganja, akagusa na shingo.

"Baridi haiingii kwa mgongo," alisema. "Inaingia hapa, na hapa. Funga hii milango, mgongo itajitetea mwenyewe."

Mzee Shee alimtazama kama aliyeletewa zawadi. Tukanunua soksi nzito za shule, tukazikata nyayo, tukazishona ndani ya mikono ya koti zibane pale kwenye kiganja. Kola tukaifanya ndefu, isimame mpaka masikioni. Ndani tukatia bitana ya blanketi. Nyinyi leo mnanunua jaketi zina kitu kama hicho mnadhani kimebuniwa Ulaya. Sisi tulifundishwa na mchungaji wa ng'ombe.

Kumpimia mtu koti hapa Garsen ni adhabu, na nataka mlijue hili hata kama hamtakuwa mafundi. Mtu huja na fulana, anataka umpime upesi akanywe soda. Ukimpima hivyo umemuua. Kule atavaa fulana, shati na sweta mbili, na koti lako halitafunga kifungo. Mzee Shee alimvisha Elisha mashati matatu na sweta ya kuazima, halafu akamzungushia shuka ndipo akashika tepu. Jasho lilimchuruzika mtoto mpaka kwenye viatu. Mama yake alisimama pembeni akimpepea kwa kipepeo cha jikoni. Elisha akasema atakufa kabla hajafika kwenye hiyo baridi, na mama akamwambia afe kesho, leo fundi yuko kazini.

Jambo jingine ni akiba. Pembeni mwa kila mshono Mzee Shee aliacha kitambaa kilichozidi, akakikunja ndani pasionekane. Mafundi wavivu hukikata, nguo ikawa nyepesi na nadhifu. Yeye alisema anayekwenda unamjua, anayerudi humjui. Anaweza kurudi mnene, anaweza kurudi na mabega ya mtu aliyebeba mizigo, kwa hiyo usimfungie mlango wa kupanuka. Hata leo nikiokota nguo ya mtumba, jambo la kwanza ni kuigeuza nione kama aliyeishona aliacha akiba. Wengi hawaachi.

Elisha alirudi. Alirudi na koti mkononi, akalileta hapa, na mama yake akaja naye. Mama yule ndiye aliyeweka sheria. Alisema koti hili haliwi la nyumba yake. Litakaa kwa fundi, na mtoto yeyote wa mto huu atakayekwenda nchi ya baridi kusoma atalivaa, awe wa mkulima au wa mfugaji. Sharti lilikuwa moja, kwamba koti lirudi na mtu wake. Huruhusiwi kulituma. Unalileta mwenyewe, unalivua hapa, anavishwa mwingine.

Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Kuna miaka wakulima na wafugaji hapa hawakusalimiana kwa sababu ya maji na malisho, na nyinyi mnajua. Katika mwaka wa namna hiyo alikuja kijana wa Kiorma na mjomba wake, wakasimama nje, hawakuingia. Kijana alikuwa anakwenda kusomea udaktari wa mifugo. Mama Elisha alikuwa ndani. Alinyanyuka, akalitungua koti, akatoka nalo juani akamvisha yule kijana kwa mkono wake, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, kisha akaingia ndani akaendelea na chai. Mimi nililia, na siwafichi. Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa na nusura niunguze suruali ya watu.

Sasa turudi kwenye swali langu la malango. Miaka hiyo ya koti walikuwa wanakwenda mmoja mmoja, wavulana watupu, tena wale waliolipiwa na serikali. Na walirudi, kwa sababu kazi ilikuwa inawangoja huku na tiketi ilikuwa na njia ya kurudi. Halafu likafunguka lango la India. Looo. Hao hawakwenda mmoja mmoja, walikwenda makundi, na waliolipa ni wazazi wenyewe, na ng'ombe waliuzwa. Kwangu zikawa suti nyepesi na mashati ya pamba, na koti la Kulesa likakaa msumarini msimu baada ya msimu. Nililitia majani ya mwarobaini mifukoni nondo wasilile. Hilo lishikeni, mwarobaini mkavu unashinda hizo dawa za vidonge vyeupe, na haunuki kama hospitali.

Wakati huohuo vijana wengine walishika njia ya Sudan na Misri, nikashona kanzu. Baadaye likaja wimbi la Uganda, na kwa fundi Uganda ni nchi ya hasara. Mtoto anapanda basi na nguo zake za kila siku, Krismasi yuko nyumbani, hana haja na mimi. Kisha Malaysia, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea, wasichana. Walianza kuja kuagiza magauni marefu na mitandio ya kubana vizuri, na nyuma yao baba anayeuliza maswali yote ambayo mtoto ameshayajibu. Mwanzoni mabinti hao walikuwa wakisindikizwa na ukoo mzima. Siku hizi binti anakuja peke yake, simu sikioni, na mara nyingi nikiangalia benchi langu wasichana ni wengi kuliko wavulana. Ni nini kilichobadilika kwanza, mabinti au baba zao? Nimewauliza wote wawili, na kila upande unasema ni sisi.

China nayo ilinipa aibu ya maisha. Kijana mmoja aliniletea jaketi la huko, jepesi mkononi kama mkate, lakini alidai lina joto kuliko koti letu la blanketi. Sikuamini. Alipotoka kwenda sokoni nikafumua mshono kidogo, nione tu. Lilikuwa limejaa manyoya madogo ya bata, na feni yangu ilikuwa inazunguka. Manyoya yakatoka mlangoni yakaenda mpaka kwa muuza mahamri. Watu wakadhani nimefungua kichinjio cha kuku. Kijana aliporudi alinikuta nimepiga magoti nayakusanya kwa ungo, na kuanzia siku hiyo alikuwa akificha nguo zake nikipita. Lakini nilijifunza kwamba joto si uzito wa kitambaa, ni hewa iliyofungiwa ndani.

Na malango yakifungwa, mimi nilijua kabla ya magazeti, kwa nguo zisizochukuliwa. Suti imekwisha, imepigwa pasi, mwenyewe haji. Wiki, mwezi. Ukimkuta sokoni anatazama nyanya. Zikianza kubaki suti za watu kadhaa waliokuwa wakielekea nchi moja, basi ujue huko viza zimekuwa ngumu. Sikuwahi kuwadai. Mtu aliyenyimwa safari hafai kudaiwa nguo ya safari.

Sasa lango limegeukia baridi tena. Ujerumani, Poland, Kanada. Mnakwenda kusomea uuguzi, uhandisi, ufundi wa mitambo, wengine kwa mpango wa kusoma huku unafanya kazi. Makoti mnayapata kwenye mitumba ya Malindi, mimi nikabaki mtu wa kubadilisha zipu. Hata hivyo mliendelea kuja kuliomba lile la Kulesa, si kwa joto lake. Mlitaka kuvishwa.

Na hapo ndipo anapoingia Buya.

Buya ni mtoto wa pekee wa mama mmoja wa Kulesa, jirani wa nyumba ya Elisha, mlimaji wa ndizi na mpunga. Alikwenda Ujerumani kusomea uhandisi, mwanzoni mwanzoni lango la baridi lilipofunguka upya. Nilimpima mimi mwenyewe, kwa sweta mbili, na Mama Buya akimpepea, kama ilivyo ada, kisha nikamvisha koti la Kulesa. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Wa pili akapiga sikukuu tu. Tulisikia kwa watu kwamba masomo yalimshinda, au karo ilimshinda, au vyote. Kisha namba ikawa haipatikani, na koti halikurudi.

Mama Buya hakuwahi kuniuliza kitu. Kila siku ya soko alikuja, akaweka kikapu chake chini, akakaa kwenye kiti kile kinachoutazama msumari, akanywa chai. Tulizungumza bei ya mpunga na viboko waliokula shamba. Akimaliza hunyanyuka, huutazama msumari mara moja, hujifunga leso yake na kwenda. Miaka ilipita hivyo. Nilikuwa nikitamani siku moja apige kelele, avunje hata kikombe. Hakuvunja.

Mwaka jana, msimu ambao Wazungu wana joto, alikuja binti mmoja wa Bangale, Amina, mjukuu wa yule Guyo aliyetufundisha baridi. Anasomea uuguzi Ujerumani, alikuja nyumbani likizo. Alikuwa na mfuko mkubwa. Alinisimulia kwamba alikuwa kwenye treni huko, akizungumza na mama yake kwa simu, akamuuliza kama mto umefurika na kama maji yamefika Idsowe. Mwanamume aliyekaa mbele yake akageuka. Akamuuliza kwa Kiswahili, Idsowe ya Garsen? Wakazungumza vituo viwili vitatu. Aliposikia anakwenda nyumbani, alimwomba wakutane kesho yake palepale, na kesho yake akaja na mfuko. Alimwambia ampelekee Mama Koti. Akasema ameshindwa kulileta mwenyewe, lakini si haki wengine wakose kwa ajili yake. Amina alimwomba namba ya simu, hakumpa. Alitaka kumpiga picha, akaficha uso.

Nilimtuma mtu Kulesa. Mama Buya alikuja haraka, na tope la shamba bado miguuni. Aliliona koti juu ya cherehani. Hakulishika. Alitandika leso yake sakafuni, akakaa, akanyoosha miguu, na mimi nikajua anafanya nini, maana ndivyo tunavyokaa matangani.

Amina akapiga magoti mbele yake. "Wallahi yuko hai, mama. Nimezungumza naye. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umetumwa kunipoza," Mama Buya alisema taratibu, bila kumtazama. "Nguo ya mtu haiji peke yake. Ikija peke yake, mwenyewe hayupo."

Na hakuwa mjinga kusema hivyo. Kwetu ndivyo habari hufika. Mtu akifia mbali, mwenzake huleta nguo. Amina aliapa, akalia, na kila alivyozidi kulia ndivyo yule mama alivyozidi kuamini kwamba amefiwa. Nikafanya jambo pekee ninalolijua, nikaligeuza koti ndani nje.

Akiba yote ya Mzee Shee ilikuwa imetumika, pembeni na begani, imefumuliwa vizuri na kushonwa upya kwa mkono. Uzi ulikuwa bado unang'aa, haujaona sabuni mara nyingi. Nikamwambia Mama Buya kwamba kazi hii si ya zamani, na maiti hapanui koti. Akageuza kichwa.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukielewa. Mbele, pale vifungo vinapokutana, palikuwa na kipande kingine cha kitambaa, cha kijani, kirefu, kilichokunjwa ndani. Kilikuwa na vifungo upande huu na matundu upande ule. Ukikifunga, koti linatoka mbele kama tumbo. Nikafikiri Buya amenenepa sana. Amina akasema hapana, ni mwembamba kama fito. Na juu ya kile kipande, katikati ya kifua, chini kidogo ya kola, palikuwa na duara dogo lililokatwa na kushonewa soksi kuzunguka, isikwaruze. Nimeshona maisha yangu yote, na sijawahi kuona koti lenye shingo mbili.

Nikamwomba Mama Buya asimame nimvishe, kwa sababu nguo usiyoielewa huielewi mpaka ivaliwe. Alikataa. Nikamwambia mimi sijawahi kumwomba kitu miaka yote hii. Akasimama. Nikamvisha, nikafunga kile kipande cha kijani, na kikaning'inia mbele yake kama mfuko mtupu. Nikachukua furushi la mabaki ya vitambaa, ninalolikalia, nikalitia mle ndani ili kitambaa kikae sawa nikione vizuri. Furushi likajaa pale kifuani. Kichwa chake, yaani lile fundo la juu, kikatokeza kwenye ile shingo ndogo.

Amina aliweka mkono mdomoni. Kisha akaeleza taratibu kwamba kule wazazi hubeba watoto kifuani, hata baba hubeba, na wakati wa baridi hufunga koti moja juu ya wote wawili.

Mama Buya aliinamisha uso akalitazama lile furushi la matambara. Mkono wake ulipanda wenyewe ukalishika kwa chini, kama anayeshika mtoto aliyelala. Sisi huku hubeba mgongoni, na nadhani hilo ndilo lililomshangaza kwanza.

"Anambeba mbele," alisema. "Anamwona."

Kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa cha miaka yote, na mimi nikalia naye, na chai ikamwagika juu ya cherehani nikaiacha imwagike. Nilidhani hapo tumefika mwisho. Hatukuwa tumefika. Alipofuta uso, alimgeukia Amina akamuuliza sasa kule ni joto au baridi. Amina akasema ni joto. Na baridi itakuja lini? Amina akasema ikifika Novemba. Hapo Mama Buya alikasirika, hasira ambayo sijapata kuiona kwake.

"Basi huyu ana akili gani?" alisema. "Amemvua mtoto, atuletee sisi koti la nini? Sisi huku tuna baridi?"

Nikamkumbusha sheria, tena kwa unyenyekevu, kwamba koti halitumwi na halipelekwi, linangoja kwa fundi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda meza. Akavua koti, akaliweka mapajani mwangu, akaniuliza kama macho yangu yanaweza kazi moja zaidi.

Yaliweza. Amina alinitungia uzi kwenye sindano. Nilifumua kile kipande cha kijani, nikakipanua, kwa sababu mtoto wa Julai si mtoto wa Desemba. Ile shingo ndogo nikaipandisha kidogo. Mama Buya akafungua leso yake, ile aliyoitandika chini kwa ajili ya matanga, akaifua, akaianika, ikakauka kabla ya adhuhuri, akanipa niitie bitana pale atakapoegemea mtoto. Na pembeni ya kila mshono niliacha akiba, nene kuliko aliyoacha Mzee Shee. Hapo ndipo nilipolielewa neno lake la nguo na safari. Likizo ilipokwisha, Amina akaondoka nalo. Hakuwa na namba wala anwani, ila alijua treni na saa.

Ndiyo maana msumari ni mtupu, wanangu. Sheria ya Mama Elisha niliivunja mimi kwa sindano yangu, na anayetaka kunilaumu benchi lipo, akae. Nilikuwa na wasiwasi, kwa kweli. Nilijiuliza kama nyinyi mtakaofuata mtaondoka bila kuvishwa kitu.

Mwezi uliofuata, siku ya soko, Mama Buya alikuwa kwenye kiti chake, kikapu chini, tukizungumza habari za viboko, simu yake ikaita. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Alinipa niishike. Nikaiwasha kwa sauti. Tukasikia pumzi, na nyuma ya pumzi mtoto akigumia, kisha Buya akasema yeye ni Buya. Hakusema shikamoo. Alianza na koti. Aliuliza kwa nini wamelirudisha, yeye alijitahidi kulipeleka, wengine wanalingoja, yeye hana haki nalo tena kwa sababu hakumaliza shule na hakurudi. Alisema maneno hayo upesi upesi, kama mtu aliyeyakariri njia nzima.

Mama yake alingoja mpaka akamaliza. Kwanza aliuliza mtoto anakohoa. Buya akasema hapana. Akauliza anakula. Buya akasema anakula. Kisha Mama Buya akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Koti huvuliwa na aliyerudi," alisema. "Wewe hujarudi. Kwa hiyo zamu yako haijaisha. Livae."